Mashine mbili, marimba moja

Haya jamani. Wale mliozoea kuja hapa kusoma habari za Bunge na foleni za Tegeta, leo mnisamehe. Leo nazungumzia mashine za kurekodi muziki. Lakini msikimbie! Ndani ya mashine hizi yumo mzee mmoja wa Bagamoyo, imo marimba yake, na limo swali la nani anamiliki sauti ya nani. Hilo linatuhusu wote, hata wewe ambaye hujui tofauti ya maiki na mwiko.

Mimi si fundi mitambo. Ni mwandishi wa gazeti, na mkate wangu unatokana na kalamu na kinasa sauti kidogo cha mahojiano. Ila tangu nikiwa Mlimani nina ugonjwa wa kurekodi muziki, na ugonjwa wenyewe hauna dawa. Wikiendi nikipata nafasi napanda daladala Makumbusho, napita Bunju, Mapinga, Kerege, Zinga, Kiromo, nashuka Bagamoyo na begi langu. Ndani ya begi kuna rekoda ya treki nane na laptopu.

Swali ninaloulizwa na washikaji kila mara ni hili: kama una laptopu yenye programu ya kurekodia, rekoda ya nini? Na kama una rekoda, laptopu ya nini? Si unajibebesha mizigo tu?

Twende polepole. Chumbani kwangu Sinza laptopu inatosha. Lakini uwanjani kwa mzee, chini ya mwembe, laptopu ni kama mgeni aliyekuja na suti. Inaogopa vumbi, inaogopa chumvi ya bahari, feni yake inavuma, na betri inakata roho mnapofika wimbo wa nne. Tena inaweza kuamua kujisasisha yenyewe katikati ya kibwagizo. Rekoda haina kazi nyingine duniani zaidi ya kurekodi. Ukibonyeza kitufe chekundu, imeanza. Basi.

Yangu ni Zoom R16, aina iliyotoka mwaka 2009. Niliipata ikiwa imeshatumika. Ina matundu nane ya maiki, inarekodi treki nane kwa wakati mmoja na inaweza kucheza 16. Inakula betri sita za AA, zile za rimoti, kwa hiyo umeme ukikatika hatuna habari. Kila treki inakuwa faili lake la WAV kwenye memori kadi. Kwa biti 24 na sampuli 44,100 kwa sekunde, treki moja inachukua karibu megabaiti 8 kwa dakika. Treki nane kwa saa nzima ni kama gigabaiti 3.8. Yaani kadi ya gigabaiti 32 inabeba ngoma ya saa nane. Nani ana pumzi ya kucheza saa nane?

Udhaifu wa rekoda ni kioo chake, kidogo kama cha simu ya tochi. Kukata, kusafisha, kupanga na kuchanganya sauti kwenye kioo kile ni sawa na kusoma gazeti kwa kuchungulia tundu la ufunguo. Hapo ndipo laptopu inapopata ajira. Mimi natumia Reaper, programu iliyoanzishwa na Justin Frankel, yule yule aliyetengeneza Winamp ambayo kaka zetu bado wanaililia. Rekoda inakusanya, kompyuta inapika.

Kumfuata mwanamuziki na mashine si jambo jipya. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi mwaka 1950, na kazi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, kwenye maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Baadaye Radio Tanzania Dar es Salaam ikawa inaita bendi studio. Bendi inapiga yote kwa pamoja, na mwimbaji akiteleza mnaanza mwanzo. Kwa Bagamoyo yenyewe, hayati Dk. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa (kilianzishwa 1981, tangu 2007 kinaitwa TaSUBa), alitoa albamu ya Chibite mwaka 1996 kupitia Real World ya Uingereza. Mwaka 2002 ikaja Assembly, aliyoshirikiana na Michael Brook wa Kanada. Alifariki Desemba 2003. Mwaka 2024 wanawake wa ukoo huo, Pendo na Leah, kwa jina la The Zawose Queens, wakatoa albamu ya Maisha, iliyorekodiwa kwa sehemu kubwa nje, mahali penye hewa na miti. Studio ndiyo iliyowafuata.

Sasa nije kwa mzee wangu. Jina lake silitaji, ndiyo makubaliano yetu. Ni Mgogo aliyeletwa pwani na kazi ya sanaa akiwa kijana, akaoa, akajenga, hakurudi Dodoma. Anapiga marimba na zeze. Kikundi chake ni watu saba wakiwemo akina mama wawili wanaopiga muheme, zile ngoma ambazo kwa Wagogo ni za wanawake.

Miaka michache iliyopita kikundi kilichanga pesa kikaenda kurekodi kwenye studio moja ya Dar. Huko wakaambiwa waingie mmoja mmoja, kila mtu na hedifoni, wafuate mlio wa "ti, ti, ti" wa kompyuta. Wakafuata. Baada ya wiki wakapewa CD moja. Walipotaka treki zenyewe wakaambiwa kompyuta imekufa. Mwisho wa habari.

Mzee alinichezea ile CD. Nikamuuliza anaionaje. Akasema: "Mwanangu, wamefukuza nyuki."

Sikumwelewa mpaka aliponionyesha. Kwenye kasha la marimba ya Kigogo kuna matundu yaliyozibwa na utando mweupe wa buibui, ule anaofungia mayai. Chuma kikilia, utando unatetemeka na kutoa mvumo mwembamba juu ya kila noti. Hao ndio nyuki. Kwa mzee, marimba isiyo na nyuki haijakamilika. Kwa kijana wa studio, mvumo ule ulikuwa kelele, akawasha programu ya kuondoa kelele, nyuki wakaondoka. Kilichobaki mzee anakiita kengele ya baiskeli.

Halafu kuna sauti yake. Aliambiwa anaimba "pembeni", ikabidi anyooshwe na ile programu ya kusahihisha sauti. Wandugu, hapa pana jambo la kujifunza. Watafiti kama Gerhard Kubik wameeleza kuwa muziki wa Kigogo umejengwa juu ya sauti za asili zinazozaliwa ndani ya sauti moja ya msingi, kuanzia ya nne hadi ya tisa. Ile ya saba iko chini kuliko noti ya karibu yake kwenye piano kwa senti 31, pale ambapo nusu-toni moja ni senti 100. Karibu theluthi ya nusu-toni! Programu iliyofundishwa piano inaiona hiyo ni kosa, inaivuta juu. Kwa hiyo mzee alikuwa anaimba sawasawa na marimba yake, na mashine ikamtoa kwenye ufunguo kwa kudhani inamsaidia.

Baada ya kusikia hayo nikamwomba turekodi upya, uwanjani, wote kwa pamoja. Akaniuliza swali moja tu: "Safari hii sauti yangu itakaa wapi?"

Nitalirudia swali hilo. Kwanza kazi yenyewe, maana najua wapo humu wenye rekoda na laptopu wanaotaka kujua zinavyooana.

Maiki ya kwanza na ya pili kwenye muheme. Ya tatu kwenye kayamba. Ya nne kwenye zeze. Tundu la tano na la sita ndiyo pekee kwenye R16 yanayotoa umeme wa kulisha maiki nyeti, kwa hiyo hapo nikaweka mbili: moja karibu na marimba ili kuwanasa nyuki, nyingine mbali kidogo isikie uwanja mzima. Ya saba kwa mzee, ya nane kwa waitikiaji. Kila maiki ikavishwa soksi ya manyoya kwa sababu ya upepo wa bahari. Adhana ya alasiri ilipoanza tukasimama, tukanywa chai, tukaendelea.

Nyumbani nikahamisha folda nzima kwenda kompyuta, na kadi sikuifuta mpaka nilipokuwa na nakala mbili sehemu mbili tofauti. Faili zote nane zinaanza sekunde ile ile, kwa hiyo ukiziweka zote mwanzoni kabisa mwa mradi wa Reaper zinakaa pamoja zenyewe. Hakuna kutafuta. Cha kuangalia ni namba ya sampuli. R16 ikirekodi kwenye kadi inatumia 44,100, wakati mambo ya video mengi ni 48,000. Faili la 44,100 likichezwa kana kwamba ni la 48,000, wimbo unakimbia kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda kama nusu-toni moja na nusu. Mzee anageuka kijana wa kipaimara.

Jambo lingine ni saa. Mjukuu wa mzee alikuwa anapiga video kwa simu. Rekoda ina saa yake ndani, simu ina yake, na saa mbili hazilingani hata siku moja. Zikipishana sehemu 20 tu kwa milioni, baada ya saa moja picha na sauti zimeachana kwa milisekunde 72, na mkono unaonekana umepiga ngoma kabla ngoma haijalia. Dawa yake ni ya bei rahisi: piga kofi moja kubwa mbele ya kamera mwanzoni, na jingine mwishoni. Kwenye kompyuta unalinganisha makofi mawili, unavuta faili moja kidogo mpaka yaungane.

Hadi hapo raha tupu. Vita vilianza nilipompelekea treki jamaa yangu mmoja, prodyuza wa Kijitonyama, kijana hodari sana, aweke besi na biti tupate toleo la redioni. Alichofanya ni kile wanachofanya maprodyuza wote: alichora mistari ya kasi isiyobadilika, akakata ngoma vipande vipande, akavisukuma vipande vikakae juu ya mistari. Kwa masikio ya Dar ilipendeza. Nikaibeba Bagamoyo, nikamvisha mzee hedifoni.

Akasikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza: "Anayepiga hapa ni nani?"

"Ni wewe, mzee."

"Hapana. Mimi huwa nawangoja akina mama. Huyu hangoji."

Nikarudi kwenye faili la asili nikapima. Kweli kabisa! Kila baada ya waitikiaji kumaliza, mzee anachelewa kuingia, kidogo tu, ndipo muheme unamvuta. Na wimbo mzima unapanda kasi taratibu, mwanzo kama mapigo 96 kwa dakika, mwisho 104. Hakuna aliyekosea, ndivyo wimbo unavyotembea. Kompyuta ilikuwa imeufundisha gwaride.

Suluhisho lilikuwa ndani ya programu ile ile. Badala ya kuzisukuma ngoma zifuate mistari, unaisukuma mistari ifuate ngoma. Nilikaa siku mbili nikiweka alama kwenye kila pigo kubwa la muheme, Reaper ikawa inachora ramani ya kasi inayopanda na kungoja kama wenyewe wanavyopanda na kungoja. Prodyuza akalalamika kwamba besi yake imekuwa kama inachechemea. Nikamwambia apige kwa mkono, asibandike. Akapiga. Baada ya kama saa moja akaacha kulalamika.

Halafu tukafanya safari ya kurudi, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda zaidi. Nikatoa mchanganyiko wa muda, faili moja la stereo la 44,100 linaloanza sifuri, nikalirudisha kwenye kadi na kulipangia treki ya 9 na ya 10 za rekoda. Tukaenda tena chini ya mwembe. Mzee na mjukuu wake, binti aliyemaliza kidato cha nne, wakavaa hedifoni, wakasikia besi ya Kijitonyama pamoja na muheme wao wenyewe, wakaimba juu yake kwenye treki ya 1 na ya 2. Kwa nini sikutumia laptopu? Kwa sababu kwenye laptopu sauti inaingia, inasubiri, inatoka. Ukiweka subira ya sampuli 256 ni karibu milisekunde 6 kuingia na 6 nyingine kutoka, bado ucheleweshaji wa waya na programu zenyewe. Mwimbaji anajisikia kama yuko kisimani. Rekoda inamrudishia sauti yake papo hapo, na kwa kuwa inacheza na kurekodi kwa saa moja ile ile, treki mpya zikirudi kwenye kompyuta zinakaa mahali pake bila ubishi.

Sasa nirudi kwenye swali la mzee. Sauti itakaa wapi?

Zamani ukirekodi ngoma kwa maiki moja, ulichukua uwanja mzima au hukuchukua kitu. Huwezi kuichomoa marimba ukamwacha mama wa muheme. Kwa treki nane unaweza. Ule usafi tunaousifia ndio huo huo unaorahisisha mtu kuondoka na kidole gumba cha mzee peke yake, akakirudia mara elfu chini ya biti yoyote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda msanii anayetumbuiza, na ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi. Lakini sheria haiwezi kumsaidia mtu ambaye hana hata nakala ya sauti yake mwenyewe.

Na jambo lenyewe likatokea. Kampuni moja ya matangazo ilisikia kazi yetu kwa prodyuza, ikataka sekunde chache za marimba. Marimba tu. Hela yake ilitosha kuezeka upya nyumba ya mzee, ambayo masika huwa wanapanga ndoo sebuleni. Nikaenda kumweleza, na moyoni nilitaka akubali. Nimeziona zile ndoo.

Akauliza: "Na akina mama watalipwa?"

Nikamwambia kipande wanachokitaka hakina muheme.

"Lakini wakati napiga hapo nilikuwa namsikiliza nani?"

Sikuwa na jibu. Akasema wakilipa watu saba, wachukue. Kama ni yeye peke yake, basi. Nikawapelekea kampuni maneno hayo kama yalivyo. Hawajajibu mpaka leo, na bati ni lile lile. Mke wake hakufurahi, na simlaumu. Nami bado nagombana na nafsi yangu juu ya jambo hili. Wapo watakaosema mzee kajinyima kwa ukaidi. Ila nikifungua zile treki, nikaifungulia ya marimba peke yake, nasikia muheme kwa mbali ndani ya maiki yake. Hauondoki, hata ukiizima treki ya muheme. Kwa lugha ya mafundi hiyo inaitwa sauti iliyovuja, na wanauza programu za kuiondoa.

Tulichofanya ni kuandika ukurasa mmoja wa Kiswahili chepesi. Treki ghafi ni mali ya watu saba. Nakala moja iko kwao kwenye diski ya nje, mjukuu anaihifadhi pamoja na cheti chake cha kidato cha nne. Nyingine iko kwangu. Prodyuza ana toleo lake lenye besi, ila hawezi kulitoa wala kukata kipande bila sahihi ya kikundi. Wote wamesaini, mzee kwa dole gumba.

Kwa hiyo wewe mwenye rekoda na laptopu, utaratibu wangu ni huu: kabla hujafungua programu yoyote, kabla hujagusa hata treki moja, nakili kadi na umkabidhi aliyepiga. Itakuchukua dakika kumi. Upishi unaweza kungoja.

Jumamosi ijayo naenda tena, wimbo mmoja wa zeze umebaki. Mwenye soksi ya maiki ya ziada anitafute, yangu moja imeliwa na panya.